Kijana wa Jembe Aliyejenga Jumba la Vioo

Mpenzi msomaji, kabla sijakusimulia habari za mtu niliyemkusudia leo, niruhusu nikuambie kisa changu kidogo, kwa maana bila kisa hicho nisingalimjua mtu huyo hata kidogo.

Nyuma ya chumba ninachopanga hapa Nairobi pana kipande cha ardhi kisichozidi mikeka mitatu ikitandikwa. Mwaka mmoja, baridi ya Julai ilipokaribia, niliazimia kupanda nyanya mahali hapo. Nikaomba vipande vya mbao kwa seremala, nikachimbia nguzo nne, nikazungushia karatasi ya nailoni, na kila tundu nililoliona nikaliziba kwa vitambaa ili joto lisitoroke. Nilijiona fundi kweli kweli.

Wiki tatu za kwanza nyanya zilisitawi ajabu. Kisha kila asubuhi nikawa naona matone ya maji yameshikilia upande wa ndani wa nailoni, kama jasho kwenye paji la uso. Matone hayo yalidondokea majani usiku kucha. Majani yakaingia madoa meusi, mashina yakalegea, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa naing'oa miche iliyooza. Nikiwa bado katika majonzi hayo, mwenye nyumba akapita, akaziona nguzo zangu, akaniarifu kwamba mpangaji hana ruhusa ya kuchimba ardhi yake. Nikabomoa.

Seremala yule ni mzee mwenye maneno machache. Aliponiona nikimrudishia mbao zake alicheka kwa upole, akaniambia kwamba kosa langu lilikuwa kukijenga kibanda kwanza na kuifikiria nyanya baadaye. Neno hilo lilinikaa moyoni. Nikaanza kutafuta vitabuni kama yuko mtu aliyepata kuufikiria mmea kwanza na jengo baadaye. Hapo ndipo nilipokutana na Joseph Paxton.

Mtoto wa saba

Paxton alizaliwa tarehe 3 Agosti 1803 katika kijiji cha Milton Bryan, jimbo la Bedfordshire, Uingereza. Alikuwa mtoto wa kiume wa saba katika jamaa ya wakulima wasio na mali. Shule hakuipata nyingi. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya bustani kwa matajiri wa sehemu zile, akajifunza udongo kwa vidole vyake mwenyewe.

Mwaka 1823 aliingia katika bustani ya Chama cha Kilimo cha Bustani huko Chiswick, kando ya London. Alipoandikishwa alijiongezea miaka miwili, akasema amezaliwa mwaka 1801, bila shaka kwa kuogopa kwamba angeonekana mdogo mno. Jambo hilo dogo linatuonyesha alivyokuwa kijana huyo: hakungojea mlango ufunguliwe.

Bustani hiyo ya Chiswick ilikuwa kwenye ardhi iliyokodiwa kutoka kwa Duki wa Devonshire, mkabaila aliyekuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi nzima. Duki huyo alipenda kutembea bustanini, na masikio yake yalikuwa mazito. Akapendezwa na kijana aliyekuwa akimfungulia lango, ambaye aliongea naye kwa sauti safi na kwa adabu bila kujikunyata. Mwaka 1826 akamfanya mkuu wa bustani zake za Chatsworth, jimbo la Derbyshire. Paxton hakuwa ametimiza hata miaka 23.

Namna alivyoanza kazi hiyo husimuliwa mpaka leo. Alisafiri usiku kwa gari la farasi, akafika Chatsworth saa kumi na nusu za alfajiri, watu wote wamelala. Akapanda lango, akaingia, akaizunguka bustani yote. Saa kumi na mbili wafanyakazi walipofika aliwapangia kazi zao, akaamuru maji ya maporomoko yafunguliwe ayaone, kisha akaenda kufungua kinywa kwa mama msimamizi wa nyumba. Hapo mezani alikuwapo mpwa wa mama huyo, binti aitwaye Sarah Bown. Kabla ya saa tatu asubuhi Paxton alikuwa amekwisha kuiona bustani, amewapa watu kazi, na amempenda mke wake wa baadaye. Walioana mwaka 1827.

Nataka msomaji amkumbuke Bibi Sarah. Mumewe alipokuwa safarini, na baadaye safari zilikuwa nyingi, yeye ndiye aliyeshika hesabu, aliyepokea miche na aliyesimamia watu pale Chatsworth. Vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja, hali mzigo aliobeba ulikuwa wa miaka 30.

Paa lenye mikunjo

Bustani aliyoikuta Paxton ilikuwa imechakaa, na nyumba zake za mimea zilikuwa nzito: mbao nene, vioo vidogo, giza ndani. Yeye akajiuliza swali lile lile la seremala wangu. Mmea unataka nini? Unataka mwanga, unataka joto lisilochoma, unataka hewa, na hautaki kudondokewa na maji usiku.

Akaanza na mwanga. Badala ya paa bapa alitumia paa lenye mikunjo, mithili ya karatasi iliyokunjwa huku na huku, au mithili ya mabati yetu yenye mawimbi, lakini mikunjo mikubwa ya vioo. Wazo la paa hilo lilikuwa limekwisha kutolewa na bingwa mwingine wa bustani, J. C. Loudon, miaka kadhaa kabla yake; Paxton alilichukua na kulifikisha mbali. Faida yake ni hii. Asubuhi na jioni, jua likiwa chini na hafifu, miale yake huupiga uso wa kioo moja kwa moja ikaingia yote. Adhuhuri, jua likiwa kali, miale huupiga uso huo kwa mshazari, na ukali hupungua. Paa lenyewe huomba jua linapohitajika na kulikwepa linapozidi, bila mtu kugusa kitu.

Kisha akatazama maji. Mpenzi msomaji, niliposoma sehemu hii nilikifunga kitabu nikakaa kimya, maana nilizikumbuka nyanya zangu. Paxton alichonga mbao zake za mfereji zikiwa na njia tatu. Njia ya juu, iliyo pana, ilipokea mvua ya nje. Kila ubavu, kwa upande wa ndani, ulikuwa na kijia chembamba cha kupokea jasho la kioo kabla halijadondokea mimea. Jasho lile lililoniulia nyanya, yeye alilijengea njia ya kupita! Na katika majengo yake mengine nguzo zenyewe zilikuwa za chuma chenye uwazi ndani, ili zishikilie paa na wakati huo huo ziwe mabomba ya kuteremshia mvua. Kitu kimoja, kazi mbili.

Mbao hizo za vioo zilitakiwa kwa maelfu, na kuzichonga kwa mkono kungalichukua miaka. Mwaka 1838 akabuni mashine ya kuzichonga iliyoendeshwa kwa mvuke. Chama cha ufundi cha London kilimtunukia medali kwa mashine hiyo.

Makaa na maji

Mwaka 1836 alianza kujenga nyumba kubwa ya mimea ya nchi za joto, akisaidiwa na msanifu Decimus Burton. Ilimalizika mwaka 1840. Urefu wake ulikuwa futi 227, upana futi 123, na kimo futi 67. Siku hizo hapakuwa na jengo la kioo kubwa kama hilo duniani. Malkia Victoria alipozuru mwaka 1843, alipita ndani yake akiwa juu ya gari la farasi, taa maelfu zikiwaka pande zote, na mitende ikimwinamia.

Lakini chini ya sakafu palikuwa na mambo mengine. Boila 8 zilichemsha maji mchana na usiku, na makaa ya mawe yaliletwa kwa vigari vidogo vilivyopita katika njia ya chini ya ardhi, ili wageni wasione masizi. Nyumba ile ilikuwa kama tajiri anayekula sahani kumi kwa siku. Tulishike jambo hilo, kwani tutalirudia.

Kuijaza nyumba hiyo pia kulikuwa na gharama isiyolipwa kwa pauni. Mimea ilitafutwa India na Marekani na kwingineko. Mwaka 1838 vijana wawili wa bustani ya Chatsworth, Robert Wallace na Peter Banks, waliotumwa kutafuta mbegu pande za magharibi ya Amerika ya Kaskazini, walizama katika mto Columbia. Hawakurudi. Kila ninapoisoma sifa ya bustani ile huwakumbuka wawili hao, waliofuata mbegu wakakuta mauti.

Miongoni mwa mimea iliyomfanya Paxton ajulikane upo mmoja usio mgeni kwetu: mgomba mfupi, uliotoka katika kisiwa cha Morisi kwenye Bahari yetu ya Hindi. Aliutunza Chatsworth mpaka ukazaa, na wataalamu wakauita kwa jina la ukoo wa Duki, Cavendish. Baadaye mmisionari John Williams alichukua miche ya Chatsworth akaipeleka Samoa. Leo ndizi zinazouzwa kwa meli duniani nyingi mno ni za jamii hiyo, na wakulima wa Kenya wanazipanda. Sisemi kwamba tulifundishwa ndizi na Waingereza. Mgomba ulikuwapo Afrika Mashariki karne nyingi kabla Chatsworth haijajengwa. Nasema tu kwamba jina hilo linalotajwa na wauza miche wetu limepitia katika mikono ya mtoto wa Milton Bryan.

Kisha ikasikika kwamba Mfalme Nicholas wa Urusi huenda akazuru. Duki akataka maji ya kurushwa juu kupita yote yaliyopata kuonekana. Paxton hakununua mtambo. Alichimba ziwa juu ya kilima, akalaza bomba kuteremka mpaka bustanini, akayaachia maji yashuke kwa uzito wake. Watu walifanya kazi hata usiku kwa mwanga wa taa, na kazi ikaisha kwa miezi sita. Maji yaliruka mpaka futi 296. Mfalme mwenyewe hakuja! Lakini maji yale yanaruka mpaka leo, bila pampu.

Vilevile alijenga ukuta. Ulikuwa ukuta mrefu wa kupandia matunda na maua yanayotambaa, wenye njia za moshi ndani yake za kuutia joto, na mwaka 1848 akaufunika kwa vioo kwa upande wa mbele. Unapanda mteremko ngazi kwa ngazi, zaidi ya futi 300. Mimea haikutandazwa chini; iliegemezwa ukutani, ikapanda juu. Ukuta hunywa jua mchana na kulitoa usiku kidogo kidogo.

Yungiyungi

Mwaka 1849 bustani ya serikali ya Kew ilipata mbegu za yungiyungi kubwa kutoka Guyana, lililoitwa kwa jina la Malkia Victoria. Pale Kew lilikua, lakini halikutaka kutoa ua. Mwezi wa Agosti Paxton akapewa mche mmoja mdogo.

Yeye hakuutia tu katika birika. Aliuuliza umetoka wapi. Umetoka katika mito ya joto, maji yanayotembea. Basi akayatia maji joto, akatengeneza magurudumu madogo ya kuyazungusha polepole ili yasituame. Majani yakawa yanapanuka kila siku kama chapati juu ya kikaango, na mwezi wa Novemba ua likafunguka. Lilikuwa la kwanza kufunguka Uingereza. Paxton akamsimamisha binti yake mdogo Annie juu ya jani moja, nalo likambeba.

Alipolipindua jani hilo aliona mishipa minene inayotoka katikati kwenda ukingoni, na mishipa mingine ikiifunga hiyo kwa kukingama. Aliona namna kitu chembamba kinavyobeba uzito kwa kupangwa vizuri. Mwaka 1850 akalijengea yungiyungi nyumba yake, yenye paa la mikunjo na nguzo za chuma zenye uwazi. Ilikuwa nyumba ndogo tu ya ua moja. Lakini ndani yake alikuwa ameubeba mji mzima bila kujua.

Karatasi ya wino

Siku hizo London ilikuwa katika fadhaa. Maonyesho Makuu ya kazi za mataifa yote yalikuwa yamepangwa kufunguliwa Mei 1851 katika bustani ya umma ya Hyde Park, na jengo halikuwapo. Michoro zaidi ya 200 ilikuwa imeletwa na wasanifu, yote ikakataliwa. Kamati ikachora jengo lake yenyewe la matofali, zito kama mlima, na watu wakalalamika kwamba bustani yao ingeharibiwa milele na miti yao mikubwa kukatwa.

Mwezi wa Juni 1850 Paxton, ambaye wakati huo alikuwa amejipatia mali kwa hisa za reli, alikaa katika mkutano wa kampuni ya reli mjini Derby. Wenzake walidhani anaandika hoja za mkutano. Kumbe alikuwa anachora juu ya kipande cha karatasi ya kukaushia wino: paa, nguzo, matao. Ilikuwa ile nyumba ya yungiyungi, imekuzwa. Kwa siku tisa hivi michoro kamili ikawa tayari. Karatasi ile ya wino imehifadhiwa mpaka leo.

Jumba hilo, lililopewa jina la Crystal Palace, lilikuwa na urefu wa futi zipatazo 1,848, na vioo karibu 300,000, vyote vya kipimo kimoja. Nguzo na boriti zilitengenezwa viwandani, zikaletwa, zikaungwa. Mafundi wa vioo walikaa ndani ya vigari vilivyokimbia juu ya mifereji ya paa kama juu ya reli. Katika wiki moja watu 80 waliweka vioo zaidi ya 18,000. Miti mikubwa haikukatwa. Paa liliinuliwa kwa tao, miti ikabaki ndani ikichanua. Kuta zilikuwa na matundu ya kufungua na kufunga, na juu ya paa likatandazwa turubai la kupunguza jua, kwani Paxton alijua kwamba nyumba ya vioo isiyopumua ni tanuri. Mimi niliyeziba kila tundu kwa vitambaa nilijifunza hilo kwa gharama yangu.

Watu walitabiri kwamba upepo ungeliangusha, au mvua ya mawe, au mtikisiko wa miguu ya watu. Askari wakaamriwa watembee kwa mguu mmoja juu ya roshani zake. Halikutikisika. Lilifunguliwa tarehe 1 Mei 1851, na mpaka lilipofungwa mwezi wa Oktoba watu milioni 6 walikuwa wamepita. Paxton alikuwa ameomba hadharani kwamba watu waingie bure. Hakusikilizwa, ila baada ya majuma machache ziliwekwa siku za shilingi moja, na watu wa viwanda na wa mashamba wakafurika. Mwaka ule ule Malkia alimpa cheo cha Sir. Mtu asiyepata kusomea usanifu alikuwa amewashinda wasanifu wote kwa sababu alijua namna ya kulitunza ua.

Kwa watu wa mjini

Hapa ndipo swali langu lilipokuwa likiniuma. Nyumba ya Duki ilikuwa ya Duki. Mimi ni mpangaji. Je, mtu huyu aliwajengea nini watu wa aina yangu?

Nikaona kwamba jambo hilo lilimgusa naye. Mwaka 1847 ilifunguliwa bustani aliyoichora huko Birkenhead, mji wa bandari ulio mkabala na Liverpool. Bustani hiyo ilijengwa kwa fedha za umma ili watu wote wa mji waingie, tajiri na maskini. Mahali penyewe palikuwa na kinamasi. Yeye akayaongoza maji yakawa maziwa, na udongo uliochimbwa akaurundika ukawa vilima. Mmarekani Frederick Law Olmsted alipita hapo mwaka 1850, akastaajabu kwamba bustani nzuri hivyo ni ya watu wote. Baadaye yeye na mwenzake Calvert Vaux walichora Central Park ya New York.

Kisha mwaka 1858, mwaka aliokufa Duki na Paxton akaacha kazi ya Chatsworth, alijiandikishia haki ya uvumbuzi mwingine. Zilikuwa nyumba ndogo za mimea, rahisi, alizozitangaza kuwa ni za mamilioni ya watu. Zilikuwa fremu za mbao na vioo zilizoegemezana kama mgongo wa hema. Mtu wa mjini aliweza kuzinunua, kuziunga mwenyewe uani, na akihama, kuzifungua na kwenda nazo.

Akihama, kwenda nazo! Nilisoma maneno hayo mara mbili. Kumbe miaka mingi sana kabla mwenye nyumba wangu hajazaliwa, alikuwapo mtu aliyemfikiria mpangaji.

Yaliyobaki

Crystal Palace lilibomolewa Hyde Park, likajengwa upya, kubwa zaidi, juu ya kilima cha Sydenham, kusini ya London, likafunguliwa mwaka 1854. Mwaka huo huo Paxton akawa mbunge wa Coventry, akabaki hivyo mpaka alipofariki Sydenham tarehe 8 Juni 1865, akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa Edensor, kijiji kilicho ndani ya mashamba ya Chatsworth. Jumba la Sydenham liliteketea kwa moto usiku wa tarehe 30 Novemba 1936. Limebaki jina la mtaa, na jina la timu ya kandanda ambayo vijana wetu huishabikia bila kujua kwamba wanalitaja jengo lililozaliwa na ua.

Na ile nyumba kubwa ya Chatsworth? Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, makaa ya mawe yalikosekana. Boila zikazimika, na mitende ikafa kwa baridi. Mwaka 1920 nyumba ikaangushwa kwa baruti, tena kwa shida, maana ilikataa kuanguka kwa jaribio la kwanza. Ukuta wa matunda upo. Maji ya kilimani yanaruka. Kilichotegemea makaa kilikufa siku makaa yalipokoma. Kilichoegemea jua, mteremko na mvua kinaishi. Wote walijengwa na mtu yule yule, kwa akili ile ile, na kifo na uhai wao vinatufundisha sawasawa.

Nilirudi kwa seremala wangu na mchoro. Hakunicheka. Tulitengeneza fremu tatu nyepesi, tukaziunga kwa bawaba na bolti, zisimame zenyewe juu ya matofali bila kuchimba hata shimo moja. Nailoni tumeiweka kwa mteremko mkali ili jasho liteleze, na chini yake kipande cha bomba la plastiki lililopasuliwa kinalipokea. Juu tumeacha nafasi ya mkono mmoja ya kupitisha hewa. Mvua ya bati inaingia katika pipa, pipa limeinuliwa juu ya mawe, na maji yanashuka yenyewe kwa mpira mwembamba mpaka kwenye magunia mawili ya sukuma wiki. Kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi nimefunga kamba, na mkarakara unapanda.

Mwaka uliofuata nyanya zilipita Julai salama. Mwenye nyumba alikuja, akatafuta mashimo ardhini, hakuyaona. Akasimama kidogo, kisha akaniuliza kama zimeiva. Nikampa tano.

Siku nitakayohama nitafungua bolti 12, nitaifunga fremu mgongoni mwa mkokoteni, na kuondoka nayo.